Mchunga wa Temeke

Temeke, 2 Aprili 1953

Kwa Mwishehe bin Mfaume, mpagazi wangu niliyekuacha Bunju bila mzigo,

Hujambo? Kama hujambo, si kwa akili zako, ni kwa mapishi ya shemeji Tunu. Mama anaendeleaje na miguu? Huku Bernadeta hajambo, Apolinari ameanza shule, na mie mzima, ila nina hasira nawe. Sababu yake naiandika kwa utaratibu ili usije ukasema hukuelewa.

Shamba uliloniuzia lina matuta sitini. Nimepanda karanga yote, mbegu niliyoagiza kwetu Tabora. Katika hayo sitini, matuta kumi na manne yameingiliwa na yale majani ya ua la manjano, yanayotoa maziwa ukiyakata. Kwetu yapo, moja moja kandokando ya njia, lakini sijapata kuyaona yakiwa jeshi. Ua likikauka linageuka sufi, upepo wa alasiri ukipita sufi inaruka, na kila inapotua najua nimepata jingine.

La pili ni wanawake. Kila asubuhi wanaingia, Bi Mwamvita jirani yuko mbele, vikapu mkononi, wanachuma majani yale katikati ya karanga zangu bila hodi. Nikamwuliza, "Mama, hapa ni kwenu?" Akanijibu, "Shamba lako, baba. Mchunga wa Mungu." Wenzake wakacheka. Nikamwambia basi amwombe Mungu auoteshe uani kwake. Asubuhi ile moja tu nilihesabu mashina ishirini na sita ya karanga yaliyokanyagwa. Nimeziba njia yote kwa miiba.

Uliponiuzia hukuniambia habari ya mchunga wala ya Mwamvita. Sikulaumu sana, Mzaramo akuuzie kitu akueleze na kasoro yake, wapi? Ninachotaka ni jibu moja: mchunga unauliwaje? Unajua nimeacha kazi kiwandani kwa ajili ya shamba hili. Bernadeta amenipa msimu huu mmoja. Karanga zikikosa, anarudi Tabora na watoto, na mie nitauza nimfuate. Sina shamba la pili.

Nijibu upesi, kama siku hizi ngoma zinakupa nafasi.

Bwana wako,
Kasimiri


Bunju, 13 Aprili 1953

Kwa Kasimiri, Mnyamwezi wangu wa kurithi,

Barua imefika, inanuka jasho la mzigo. Mama anakusalimu. Miguu imevimba zaidi, hatoki nje. Anauliza lini utakuja umbebe mgongoni umpeleke hospitali, maana babu zako walibeba pembe kutoka Unyamwezi mpaka pwani, na yeye kwa sasa ni mwepesi kuliko pembe.

Nimecheka mpaka Tunu akatoka jikoni kunitazama. Mwanamume mzima anatishwa na mboga! Mchunga sisi tunauchemsha, tunamwaga maji ya uchungu, tunautia tui, tunakula na ugali wa muhogo na maisha yanaendelea. Babu yako alipofika hapa ulimi nje, nani alimpa mchunga akapata nguvu ya kurudi kwao? Babu yangu. Leo mjukuu anauita adui.

Dawa yake unaijua, hutaki jasho tu. Shika jembe. Chimba mpaka uwasikie wajomba zako wa Tabora wanagonga kwa chini. Ukiipata mizizi, ikatekate vipande vidogo vidogo, kama bamia, kisha ifukie humo humo iwe mbolea. Mvua moja tu ikipita, umekwisha. Hutauona tena mpaka kiama.

Na huyo Bi Mwamvita ni shangazi yangu. Miiba yako ikimchoma atakuroga, na akikuroga mie nitachukua shamba na mke.

Mwenye nchi,
Mwishehe


Temeke, 30 Mei 1953

Mwishehe,

Nimefanya ulivyosema.

Nilichukua vibarua wawili, na mie wa tatu. Tumechimba matuta yote kumi na manne, kina cha goti. Karanga zilizokuwa humo nilizitoa mhanga, nikasema afadhali kumi na manne yafe, arobaini na sita yapone. Hesabu ilikuwa sahihi. Mizizi tuliikata kama bamia. Mie mwenyewe niliwasimamia, mmoja alipokuwa anakata virefu nikamnyang'anya panga nikamwonyesha.

Bi Mwamvita akaja akasimama nje ya miiba, mkono kiunoni.  Halafu akauliza:

"Baba Apolinari, unapanda?"

Nikamwambia, "Mama, usinifundishe kilimo."

Akasema, "Haya baba," akaenda zake.

Mvua ikashuka. Kipande cha urefu wa kidole kimetoa majani. Kipande cha nusu kidole kimetoa majani. Vingine maji yaliviokota yakavishusha mpaka bondeni, navyo huko vimetoa majani. Matuta kumi na manne sasa ni thelathini na nane. Napalilia leo, keshokutwa karanga hazionekani. Na kwa kuwa nimeziba njia, hakuna anayechuma, unachanua wote kwa pamoja. Ukisimama barabarani utadhani nimeanika nguo za manjano.

 Bernadeta ameomba kwa fundi masanduku mawili ya mbao, ameyaweka ukumbini.

Sasa nakuuliza, na usinijibu kwa mdomo wa ngoma. Ulijua, au hukujua? Huu si utani, Mwishehe.

Kasimiri


Bunju, 9 Juni 1953

Ewe Mnyamwezi uliyepotea njia ya Tabora,

Kila mtani husema huu si utani!

Barua yako tumeisoma barazani tukingoja futari. Msomaji alikuwa binamu yangu Fakihi. Alipofika pale pa "Baba Apolinari, unapanda?" alishindwa, akampa mwingine karatasi, na yule mwingine naye akashindwa. Watu wana njaa ya mfungo, hawana mate ya kumeza, na bado wanajipiga mapaja. Tukampelekea Mama ndani tukamsomea. Akacheka, Kasimiri. Tangu Rajabu sijamsikia akicheka. Akasema, "Huyo Mnyamwezi wangu, mwambieni aniletee kikapu."

Wewe sasa si mkulima wa karanga, ni tajiri wa mchunga. Funga mafungu, upeleke sokoni Kariakoo, ukae chini na wanawake wenzako.

Mwambie Bernadeta hayo masanduku akulaze wewe humo.

Mwishehe


Temeke, 4 Julai 1953

Kwa Bwana Mwishehe bin Mfaume,

Salaam. Natumaini u mzima wewe, mama na jamaa wote, na kwamba Idi mmeila kwa furaha.

Nakuarifu kwamba nimemaliza kuvuna. Mwaka jana, likiwa mikononi mwako, shamba hili lilitoa magunia tisa. Mwaka huu limetoa mawili na debe moja, na mbegu ya msimu ujao imo humo.

Bwana mmoja wa Chang'ombe amekuja kulitazama. Anataka kujenga nyumba za kupangisha, kwa hiyo hali ya udongo haimhusu. Nitampa jibu mwisho wa mwezi huu. Mke wangu ameanza kufunga vyombo.

Kwa kuwa minazi mitatu ya mpakani ulibaki nayo wewe wakati wa kuuziana, nimeona ni haki upate habari mapema, ili upatane na mnunuzi mwenyewe.

Nakushukuru kwa msaada wote ulionipa tangu tulipofahamiana kiwandani, nilipokuwa mzoa maranda na wewe msumenoni. Sina neno jingine, wala si lazima kujibu.

Wako mtiifu,
Kasimiri Maganga


Bunju, 14 Julai 1953

Kasimiri,

Umeniita Bwana. Nilimsomea Tunu barua yako, akaisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Huyu ameshakuzika." Nilianza kujibu mara mbili. Nikitaka kukutukana sioni pa kuingilia, umefagia kila mahali.

Ndiyo, nilijua. Huku kwetu hata mtoto anajua mchunga haupigwi jembe. Unauchuma, unauchuma, mpaka uchoke wenyewe. Na ukitaka kuumaliza kabisa unaufuata mzizi kwa mkono, hadi nchani. Nilidhani na wewe unajua. Nilidhani utacheka, utanitukana mama na baba, kisha utakwenda kumwuliza shangazi. Sikudhani mtu mwenye hesabu zako ataniamini mie. Ulipouliza kama nilijua, nilikuwa nimeshacheka mbele za watu, nikaona aibu kukujibu.

Lakini siandiki kwa hayo. Mama amefariki leo magharibi. Maziko ni kesho alasiri. Barua hii nampa dereva wa lori la mkaa anayeondoka alfajiri, atapita kwako asubuhi na atageuza hapo hapo.

Hapa Wazaramo tumejaa mpaka uani, na kaburi halina mtani. Yeye mwenyewe alikuwa akisema, "Mie nitatukanwa na Kasimiri." Kama utani umekwisha kweli, usije, nami nitajua.

Mwishehe


Bunju, 17 Julai 1953

Mama Apolinari,

Nimefika salama, tumemzika mama. Nakaa mpaka hitima, ndipo nirudi. Nakueleza yaliyotokea kwa sababu utayasikia kwa wengine yakiwa yameongezwa chumvi.

Nilikuta jeneza limeshafika makaburini. Sikuamkia mtu. Nikapenya katikati yao, nikaruka ndani ya kaburi, nikalala chali, mikono kifuani. Watu wakapiga kelele: "Mtani! Mtani kafika!" Nikawaambia nyumba hii nimeipata kwanza, nimechoka kulima Temeke, huyo bibi mwenye miguu kama mibuyu mtafutieni pengine. Wanaume wakacheka huku wanafuta macho, ndivyo inavyotakiwa.

Fakihi akanirushia shilingi. Nikaitupa nje, nikamwambia akanunue akili. Wakaleta jogoo. Nikasema jogoo huyu ana umri mkubwa kuliko marehemu. Wakaleta kanga yake mpya. Hiyo sikuitukana, lakini sikuipokea.

Mzee mmoja akainama akaniuliza, "Haya basi, Mnyamwezi, unataka nini utoke?"

Nikasema, "Namtaka Mwishehe."

"Umtake wa nini?"

"Aje kwangu Temeke ang'oe mchunga. Kwa mkono, mzizi kwa mzizi, asishike jembe. Akae mpaka mie niseme basi."

Wakacheka sana.  Wakangoja niongeze neno, sikuongeza. Kicheko kikapungua, kikaisha, ukabaki upepo. Unajua sheria: mtani hatolewi kaburini kwa nguvu, hutoka akiridhika. Shehe akaanza kukohoa. Mwingine akasema kwa sauti ya chini, "Huyu hatanii." Mwingine akamjibu, "Atatania vipi na yumo kaburini? Nyamaza."

Mwishehe alikuwa amesimama juu ya kichwa changu. Alinitazama, nami nikamtazama. Akasema, "Amepewa."

Nikatoka, nikajikung'uta mchanga, nikashika koleo kama wengine.

Usidhani nilifurahi. Mama yule alinilisha mwaka mzima nilipokuja pwani sina hata kiatu, na hakunihesabia. Mle chini nilikuwa nalia, machozi yananiingia masikioni. Lakini mtani akilia kaburini watu hudhani ni mchezo, wakacheka zaidi. Nikawaacha.

Alinidanganya kwa utani, nami kwa utani nimemdai. Na mashahidi wangu ni ukoo wake mzima. Mwenye hesabu bora kuliko hiyo anionyeshe. Ila kama atakuja kweli au atatuma udhuru, hilo sijui bado.

Bwana wa Chang'ombe akija, mwambie asubiri. Vyombo usifungue kama hutaki, lakini usiondoke.

Mumeo,
Kasimiri


Temeke, 19 Julai 1953

Baba Apolinari,

Pole kwa msiba. Wape pole Tunu na Mwishehe. Nimemwombea mama kanisani, ingawa si wa kwetu.

Bwana wa Chang'ombe amekuja. Nimemwambia mwenye shamba yuko kaburini. Aliondoka bila kuaga, naona hatarudi wiki hii.

Jambo jingine, nimeondoa miiba upande wa Bi Mwamvita. Hukuwapo, nikaona nisingoje. Wameingia wanawake saba, wamechuma mpaka jua likawa kali. Hakuna karanga ya kukanyagwa tena, kwa hiyo usije na hesabu zako. Bi Mwamvita akanipa fungu, akanifundisha kumwaga maji ya kwanza. Apolinari ameutema. Mie nimemaliza bakuli.

Tangu Mei ulikuwa na dawa mbele ya miiba imeshika kiuno, ukamwandikia mtu wa Bunju. Hilo tutaliongea ukirudi.

Masanduku bado yamefungwa. Ningependa kwanza kuuona mgongo wa huyo mtu umeinama shambani. Barua zake nimeshazisoma.

Bernadeta


Temeke, 2 Septemba 1953

Kwa mke wangu Tunu,

Fakihi, unapomsomea shemeji yako barua hii, soma yote na usiongeze ya kwako.

Tunu, mie mzima, ila magoti yamekuwa kama ya ngamia. Ninachimba kwa muo, mti wa kuchimbia, ncha imechongwa na huyu bwana mwenyewe, jembe amelifungia ndani na ufunguo anao shingoni. Shina moja la mchunga lina mizizi inayokwenda chini halafu inakwenda kando, kama mtu anayekimbia deni. Mmoja niliufuata ukanizidi kimo. Ukikatika mkononi lazima uchekeche mchanga mpaka ukipate kile kipande, na Kasimiri anakaa juu ya ubao, anavipokea, anaviunganisha chini kuona kama vimetimia. Asubuhi wanawake wanatutangulia kuchuma, kwa hiyo hauchanui tena, majani yake yamekuwa membamba. Shangazi Mwamvita akipita ananiambia, "Mwanangu, unavuna?" Kila siku hivyo hivyo, na kila siku yeye na Bernadeta wanaona ni jipya.

Matusi ninayopewa humu siwezi kuyaandika, Fakihi ni mtu wa msikitini. Nayarudisha kadiri ninavyoweza. Kasimiri anatukana akiwa amekasirika kweli, halafu anasahau kwamba amekasirika, halafu anakumbuka. Wiki ya kwanza hakula nami. Wiki ya pili alikula kimya. Sasa ananinyang'anya mnofu.

Shamba haliuzwi. Bwana wa Chang'ombe alirudi juzi, Kasimiri akamtolea hesabu ya matuta hamsini na nne safi na mbegu debe moja na nusu ya kupanda vuli, yule bwana akachoka kusikiliza. Siku ile ile nilisikia misumari iking'olewa ukumbini. Bernadeta alikuwa anafungua sanduku la kwanza. La pili bado, anasema ni la kukalia.

Wewe umenitumia swali kwa dereva: utarudi lini? Yamebaki matuta sita, nayo ni ya bondeni, yenye udongo laini. Kwa mwendo wangu yangekwisha kabla ya mwezi kuandama.

Lakini jana nilikuwa nimelala chini ya mnazi wetu wa mpakani, nyie mnadhani sipumziki. Kasimiri akapita peke yake kwenye tuta la tatu, nililolimaliza zamani. Akaona chipukizi. Na mie nililiona, majani manne. Akatazama nyuma, akatazama kwa Bernadeta, akainama. Nikasema ataling'oa sasa aje kunipigia kelele. Hakuling'oa. Akalifunika kwa jani kavu, akaenda zake anapiga mluzi.

Leo asubuhi nimepita pale pale na muo mkononi. Nimelirudishia jani lake, lilikuwa limepeperuka.

Nyumbani huko, Tunu, nikirudi nitakuta kitanda cha Mama kimesimamishwa ukutani, na watu wote wananisemesha kwa upole. Huku hakuna mtu mpole.

Kupanda mpunga nitakuja, hata akikataa. Nitumie ile shuka nyingine kwa dereva wa mkaa, usiku wa Temeke una ubaridi mwezi huu.

Mumeo,
Mwishehe